Namna ya Kutembelea na Kutunza Misitu ya Nairobi Wakati wa Kiangazi

Kuanzia Januari hadi katikati ya Machi, kabla ya mvua za masika, vijia vya misitu ya Nairobi huwa vikavu na rahisi kupitika, na huo ndio wakati mzuri wa kutembea. Ndio wakati pia ambao misitu hiyo huwahitaji watu kuliko tunavyodhani, kwa sababu wengi wetu huikumbuka mvua inaponyesha tu, tunapoalikwa kupanda miche, kisha tukaiacha miche hiyo ikabiliane na jua peke yake.

Anayeanza, au anayekwenda na watoto na wazee, aende Arboretum, karibu na katikati ya jiji. Bustani hiyo yenye ukubwa wa takriban hekta 30 ilianzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti inayokua haraka, wakati ambapo reli ilihitaji kuni nyingi. Mwenye nguvu za kutembea kwa saa kadhaa aende msitu wa Karura, wenye hekta zipatazo 1,041, maporomoko ya maji, mapango na vijia virefu vya watembeao kwa miguu na waendeshao baiskeli. Ukipita humo, kumbuka kwamba mwaka 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa walipokwenda kupanda miti kwenye ardhi iliyokuwa imenyakuliwa. Kwangu mimi, kulipa ada ya kiingilio bila kunung'unika ni jambo dogo sana tukilinganisha na gharama waliyoilipa wao.

Fika mapema na umalize matembezi kabla ya saa tano asubuhi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hivyo jua huunguza ngozi hata pale upepo unapokuwa baridi. Vaa kofia na viatu vilivyofunika vidole. Beba maji katika chupa ya chuma au nyingine ya kudumu, kwa kuwa plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku katika misitu na hifadhi za taifa tangu tarehe 5 Juni 2020. Chakula kifungie ndani ya mkoba na usiwape tumbili wala kima hata ganda la ndizi, kwa maana aliyezoea kulishwa hujifunza kunyang'anya.

Usiwashe moto, na usitupe kichungi cha sigara. Ukiona moshi, mjulishe askari wa misitu mara moja, ukimtajia namba iliyo kwenye kibao cha njiapanda iliyo karibu nawe. Katika Karura namba hizo zinasaidia sana, kwani mtu mwenye hofu si rahisi aeleze alipo kwa maneno matupu.

Kuhusu miche, kwanza zungumza na wasimamizi wa msitu au chama cha jamii cha kuhifadhi msitu huo, uulize ni sehemu gani iliyopandwa msimu uliopita na ni siku zipi kazi hufanywa. Mche wenye kiu utautambua: majani hujikunja na udongo huachana na shina, ukibakiza ufa mwembamba unaopeleka maji chini bila kuigusa mizizi. Ziba ufa huo kwa vidole, tengeneza kingo ya udongo kuzunguka mche kama sahani, kisha mimina maji polepole, ukisubiri yanywewe kabla ya kuongeza mengine. Tandaza nyasi kavu juu ya udongo huo, ila uache nafasi ya vidole vitatu au vinne kutoka kwenye shina ili lisioze. Lita chache zilizomiminwa hivi asubuhi au jioni zina faida kuliko ndoo nzima iliyomwagwa saa sita mchana.

Kazi nyingine ni kung'oa lantana, kichaka cha kigeni kinachosonga miche ya asili. Vaa glavu nzito, kwa kuwa shina lake hukwaruza, na uing'oe na mizizi, maana ukiikata tu itachipuka tena. Usiing'oe bila mwongozo wa wasimamizi, kwani baadhi ya vichaka vya asili hufanana nayo machoni pa mgeni.

Machi inapokaribia, rudi kwenye miche uliyoihudumia, uweke kijiti pembeni mwa kila uliokufa na uwape wasimamizi hesabu yake, ili mvua zikianza wajue ni mashimo mangapi yanayohitaji miche mipya.