Kujua kama relasioni ni fonsioni: naandika hii mara moja, musome yote

Banafunzi na ba prof benzangu, kila juma ni ulizo ile ile inanifikia: namna gani kujua kama relasioni (kifungu ya ba kuple) ni fonsioni (kila namba ya kutokea inafika ku namba moja tu, ao haifike)? Njo maana nimeandika yote hapa, musome mpaka chini mbele ya kuuliza.

1. Mu kuple (namba mbili zenye zinafwatana) kama (3, 4), 3 njo ya kutokea (x), 4 njo ya kufika (y).

2. Andika bya kutokea ku mukono ya kushoto, bya kufika ku kuume, kisha kwa kila kuple chora fleshi (mushale) toka kushoto kuenda kuume.

3. Hapa simama. Kila x ya kushoto, hesabu fleshi zenye zinatoka. Zikitoka mbili ku x moja, haiko fonsioni. Hesabu paka zenye zinatoka, zenye zinaingia uziache! Mwaka yangu ya kwanza ya kufundisha niliambia banafunzi "mutafute namba yenye inarudia", sikusema ya upande gani, basi ku enterogasioni klasi karibu yote ikaandika kama y = x² haiko fonsioni juu 2 na -2 zote zinafika ku 4, nikabakatia pointi, kisha usiku nafungua kaye moja nakuta ni maneno yangu mwenyewe baliandika. Kesho yake nikarudisha pointi zote. Sasa nasemaka hivi: banafunzi babili banaweza kuzaliwa siku moja, hakuna shida, lakini mwanafunzi moja hawezi kuzaliwa siku mbili. Na (3, 4) ikiandikwa mara mbili ni fleshi moja tu, musianguke hapo.

4. Kama ni grafike, simamisha kreyo wima uitembeze toka kushoto. Ikigusa pawili kwa mara moja, haiko fonsioni.

Haya njo maulizo ya batu, kila mutu na kartie yake; penye kuko –, ni mi najibu:

Wa Kadutu: Prof, x² + y² = 25 ni fonsioni?

– Hatua ya 4 umesoma? Weka x = 3.

Wa Kadutu: Napata y = 4, moja tu. Ni fonsioni.

– -4 mara -4 ni ngapi?

Wa Kamalondo: Mi nililaza kreyo, ikakata y = x² pawili. Inamaanisha nini?

– Aksanti sana kwa ulizo hii. Kreyo ya kulala inauliza jambo ingine: kama y moja iko na x mbili. Ikikata pawili, fonsioni inabaki fonsioni ila haiko enjeksioni, na hautaweza kuirudisha nyuma mupaka uache nusu ya ba x (kwa y = x², ubakize paka x toka 0 kupanda).

Mama wa Ndosho: Mwanangu alipewa y = rasini kare ya x (√x). -4 haina fleshi hata moja, na binamu yake mwenye anasomea Uganda anakatala kama ni fonsioni.

– Mama, bote babili bako na haki. Mu bitabu byetu bya Kifaransa, fonsioni ni fleshi moja ao hakuna. Kama kila x iko na yake moja kamili, tunaiita aplikasioni. Mu bitabu bya Kiingereza, fonsioni njo hii aplikasioni yetu. Binamu aanzie x ku 0, batasikilizana.

Wa Himbi: Kama tablo imechakaa, mi natumia bifuniko bya chupa na kamba, batoto banashika fleshi na mikono.

– Kamba za rangi gani? Nataka kujaribu kesho.

Wa Himbi: Nyekundu kwa x yenye iko na mbili. Hiyo tu.