Kufufua shule ya zamani ya kijiji yenye kuta za matumbawe: hatua kwa hatua, bila simiti

Kuna jamaa upande wa kisiwa cha Pate, huku Lamu, wana shule ya zamani pale kijijini, madarasa mawili na baraza mbele. Watoto walihamia majengo mapya kitambo, sasa kina mama wa chama wanataka pahali pa kukutania na vijana wanataka maktaba. Niliwasaidia, na tangu hapo kila anayenipigia simu anauliza maswali yaleyale, basi acha niandike mara moja. Mimi ni fundi wa chokaa kwa hivyo sehemu ya chokaa itakuwa ndefu, mtanivumilia.

Hatua ya 1: Karatasi

Kabla hujashika mwiko, jua ardhi ni ya nani. Ulizeni bodi ya shule, ofisi ya ardhi, na wazee, na mkikubaliana iandikwe na isainiwe. Alafu sajilini kikundi ofisi ya maendeleo ya jamii, sheria ya usajili wa vikundi ya 2022 inataka watu wasiopungua 10. Pia piteni ofisi ya Makumbusho ya Taifa pale Lamu mjini. Wengi hudhani mambo ya makumbusho ni ya mji wa kale peke yake kwa sababu ndio uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, lakini sheria ya turathi ya 2006 ni ya Kenya nzima, na jengo lenu likiwa limetangazwa kwenye gazeti la serikali huwezi kubomoa hata kidaka, kile kishubaka cha ukutani, bila ruhusa.

Hatua ya 2: Piga picha kila kitu

Kila ukuta, kila mlango, dari, na maandishi ya ubaoni kama bado yapo. Simu yatosha.

Hatua ya 3: Paa kwanza

Maji yakiingia juu, kazi ya chini ni bure. Makuti au mabati, mtajuana na mfuko wenu, mimi napenda makuti manake ndani hakuna joto, lakini mabati yakiwa na mfereji mzuri wa kutoa maji mbali na msingi siwezi kugombana nawe. Boriti za dari zikague kwenye ncha zile zinazoingia ukutani, ndiko huoza. Chomeka bisibisi, ikizama kama haina kizuizi hiyo ni ya kubadilishwa. Weka ya mikoko, mkandaa au mkoko wenyewe, na nunua kwa mwenye leseni ya idara ya misitu, usikubali za magendo za usiku. Usiizungushie simiti pale inapoingia ukutani, iachie nafasi ndogo ipate hewa. Na msijaribu kupanua vyumba: vyumba vya zamani ni vyembamba, kama mita mbili na nusu hivi, kwa sababu huo ndio urefu ambao boriti hubeba dari bila kupinda.

Hatua ya 4: Kuta (hapa tulia)

Hapa ndipo majengo mengi hufia, na yanauliwa na watu wenye nia njema. Hiyo shule ya Pate kuna kontrakta alipita miaka ya nyuma akapiga plasta ya simiti kuta zote, ikapendeza msimu mmoja, alafu ikaanza kuvimba na kudondoka vipande vizima, na jiwe la nyuma limekuwa unga. Sababu ni hii: jiwe la matumbawe linavuta maji ya ardhini kama utambi wa taa unavyovuta mafuta, na maji yetu yana chumvi. Ukuta wa chokaa unapumua, maji yanatoka nje yanakauka. Ukiuziba na simiti maji yanabaki ndani, chumvi inaganda nyuma ya plasta na kupasua jiwe. Kwa hivyo akija mtu na gunia la simiti akwambie "changanya kidogo tu ishike haraka", mwambie asante, apeleke akajengee tangi.

Kutoa simiti ya zamani: tindo na nyundo ndogo, kwa mkono, kuanzia juu. Mashine ya kuchimbua hapana. Pahali simiti imeshika sana mpaka jiwe linatoka nayo, iache hapo, rudi baadaye. Ukimaliza uache ukuta wazi ukauke, wiki kadhaa, ikiwezekana kipindi cha kaskazi. Chumvi nyeupe itatokeza, ipige brashi kavu na uizoe uitupe mbali. USIOSHE kwa maji, ukiosha umeirudisha ndani. Itatokeza tena, piga brashi tena.

Chokaa sasa. Nzuri ni ya mawe yaliyochomwa, ukiipata bado haijazimwa, yaani haijatiwa maji. Kuizima, tia maji kwenye pipa la chuma kwanza ndio uongeze chokaa kidogo kidogo, kamwe usimwagie chokaa maji kutoka juu, inachemka na kuruka na ikiingia jichoni ni upofu. Miwani, glavu, mikono mirefu, ndoo ya maji safi pembeni, na watoto wakae mbali, hata wale wanaosema wanaangalia tu. Ikishapoa iache shimoni au kwenye pipa, maji yaifunike juu, miezi mitatu ikiwezekana. Najua mfadhili anataka picha mwezi ujao. Mwambie asubiri.

Kama huna budi ila ile ya gunia kutoka hadiwea, sawa, lakini iloweke siku moja au mbili, na uhakikishe si chokaa ya shambani, ile ya kunyunyizia mimea, manake hiyo haishiki kamwe na kwa macho zinafanana. Kuijua ni rahisi: chukua kijiko, kamulia ndimu. Ikitoa povu jingi ni ya shambani, au ni nzuri iliyozeeka dukani ikaharibika, zote mbili usinunue.

Mchanga usiwe wa pwani. Uonje kwa ulimi, ndio, uonje, ukiwa na chumvi uache. Na tafadhali msichote kwenye vilima vya mchanga vya Shela hata kama ni karibu na jahazi, maji ya kunywa ya Lamu yanachujwa humo.

Mchanganyiko: chokaa moja, mchanga tatu, kwa ndoo. Upondeponde sana, usiongeze maji, ukipondwa unalainika wenyewe. Lowesha ukuta jioni na tena asubuhi, piga plasta isiyozidi sentimita moja, ya pili baada ya ya kwanza kukaza. Alafu magunia yaliyoloa yaning'inie mbele yake, unarashia maji wiki nzima, asubuhi na jioni. Jua na upepo wa mchana vikiikausha haraka inapasuka na kuwa vumbi. Weka mtu maalumu wa kurashia, mlipe. Kazi ya kila mtu haifanywi na mtu.

Mwisho rangi, ni chokaa hiyohiyo, nyepesi hadi ukichovya kidole unaona ngozi, ipakwe mara nne au tano. Rangi ya plastiki ya dukani ni simiti nyingine tu, inaziba vilevile.

Hatua ya 5: Milango na sakafu

Seremala atajua. Milango ya zamani irekebisheni, msiuze, kuna wanunuzi wanazunguka.

Hatua ya 6: Kutumia

Andikeni ratiba ibandikwe mlangoni, nani ana ufunguo, na ada ndogo kwa arusi na mikutano iingie kwenye akaunti ya kikundi. Bakisheni pipa moja la chokaa chini ya maji, kila baada ya masika mzibe palipotoboka. Na fundi wa sola akija, nyaya zipite juu ya uso wa ukuta ndani ya bomba la plastiki. Akitoa grinda achimbe njia ukutani, mnyang'anye.