Katheta ya shingoni: namna ya kufikisha ncha mahali pake

Mwongozo huu wa kuweka katheta, yaani mpira mwembamba unaoingizwa kwenye mshipa mkubwa wa shingo, ni wa madaktari tarajali na wenzangu wa ganzi na usingizi wanaopita ICU hapa Dodoma. Kuupata mshipa mtu huzoea mapema, hasa ultrasaundi ikiwepo. Kazi iko kwenye ncha. Nikipitia eksirei za asubuhi, ninachokikuta mara nyingi ni kile kile: katheta ya sentimita 20 imesukumwa yote hadi kwenye mabawa, kwa kuwa mabawa ndiyo rahisi kushona, na ncha imelala ndani ya moyo. Kiwandani hawakumpima mgonjwa wako.

Tunataka ncha ikae sehemu ya chini ya vena kava ya juu, mshipa mkubwa unaoingiza damu moyoni, ilale sambamba na ukuta wa mshipa. Ikizama moyoni huvuruga mapigo, na mara chache hutoboa ukuta, damu ikajaa kwenye mfuko wa moyo. Ikiishia juu mno, noradrenalini, dawa ya kupandisha presha, inamwagika kwenye mshipa mwembamba, damu inaganda upesi, na katheta ikiteleza kidogo tu tundu la katheta lililo nyuma ya ncha linatoka nje ya mshipa. Kama hujawahi kuweka, fanya ukiwa na mkubwa wako pembeni.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kuvaa glovu

Jugula ya kulia, yaani mshipa mkubwa wa shingo, ndiyo chaguo langu la kwanza, kwani njia yake imenyooka hadi kwenye vena kava. Ya kushoto ina kona, na ncha ikiishia kwenye kona inagonga ukuta wa mshipa kwa kichwa, kwa hiyo huko katheta lazima iende mbali zaidi. Mgonjwa wa figo usimguse chini ya mtulinga: mshipa ule ukisinyaa, fistula ya mkono huo (vena iliyounganishwa na ateri kwa ajili ya dayalisisi) itasumbua. Hospitali ya Benjamin Mkapa wanapandikiza figo tangu 2018, na wagonjwa wa dayalisisi hapa mjini si wachache. Waulize watu wa dayalisisi kabla hujaitumia jugula ya kulia.

Sasa chukua futi kamba, pima urefu wa mgonjwa kitandani, ugawe kwa 10. Mama wa sentimita 150 anahitaji takriban sentimita 15 upande wa kulia. Hesabu hii huelekea kuzidisha kidogo, kwa hiyo iwe ndiyo kikomo. Watu wazima wengi upande wa kulia huishia kati ya 13 na 16. Ukishamfunika, hakikisha kwa macho: laza katheta juu ya kitambaa kilichotakaswa, kuanzia utakapochoma hadi usawa wa pembe ya kidari, pale ubavu wa pili unapoungana na mfupa wa kifua. Namba zikigongana, chukua ndogo.

Hatua ya 2: Mlaze, zungumza naye

Mgonjwa aliye macho anasikia kila kitu chini ya kile kitambaa. Mzee aliyetoka Bahi au Chamwino ukimsalimu Kigogo, "Mbukwa, babu", kisha ukamweleza kwamba atasikia baridi ya dawa, halafu mchomo, halafu kusukumwa, atatulia kuliko yule uliyemfunika kimya kimya. Ndugu nao waelezwe kabla ya kuweka sahihi.

Inamisha kichwa cha kitanda nyuzi 15 hadi 20. Wengi hutufikia wamekauka maji, jugula imelala kama utepe; kuinua miguu na kuongeza dripu kwanza husaidia kuliko kuchomachoma. Majeruhi wa kichwa wa bodaboda usimwinamishe muda mrefu. Andaa kila kitu, mwinamishe dakika ya kuchoma tu. Kichwa kigeuke kidogo, kisizidi nyuzi 30 hivi. Ukikigeuza sana, vena inapanda juu ya karotidi, ateri ya shingo.

Hatua ya 3: Tazama, choma, hakikisha

Safisha kwa kloheksidini ya asilimia 2 yenye spiriti, uache ikauke yenyewe. Kofia, barakoa, gauni, na kitambaa cha kumfunika mwili mzima, si kile kidogo chenye tundu.

Weka probu ya ultrasaundi: vena hubonyea ukikandamiza kidogo, ateri hudunda. Ifuate vena chini hadi kwenye mtulinga uone kama kuna damu iliyoganda ndani. Toa ganzi. Choma huku ukiiona ncha ya sindano yenyewe. Kuona tishu inatikisika hakutoshi.

Usiamini rangi ya damu. Mgonjwa mwenye presha ya chini na oksijeni ya chini ana damu nyeusi hata kwenye ateri. Ukiwa na shaka, unganisha mpira mrefu uliotakaswa, ujaze damu, kisha uinue: ya vena hupanda kidogo ikatulia au ikarudi, ya ateri inaendelea kupanda ikidunda. Sindano ikiwa imeingia ateri, toa na ukandamize dakika 10. Ikiwa ni katheta yenyewe iliyoingia ateri, usiing'oe. Iache ilipo, ita daktari wa upasuaji.

Hatua ya 4: Waya

Njia hii ya sindano, waya, kisha katheta tuliachiwa na Msweden Seldinger mwaka 1953, na tangu hapo sheria ni moja: waya hautoki mkononi mwako hata sekunde. Mwombe sista asikilize monita. Mapigo yakirukaruka, waya umegusa moyo; rudisha sentimita chache. Usivuke alama ya mistari miwili, yaani sentimita 20.

Kabla ya kitanuzi, kile cha kupanua njia ya katheta, rudisha probu uuone waya ndani ya vena, kwa kukata na kwa urefu. Ukaguzi huu huchukua nusu dakika, nami sijaona sababu ya kuuruka hata mgonjwa awe anazimika. Kitanuzi chenyewe kiingie hadi kwenye mshipa tu, si urefu wake wote.

Ingiza katheta hadi namba uliyopima. Vuta waya, useme kwa sauti "waya umetoka", sista auone kwenye trei.

Hatua ya 5: Tafuta ncha ilipo, kitambaa kikiwa bado juu

Katheta unaweza kuirudisha nyuma wakati wowote. Kuisukuma mbele ukishaondoa kitambaa ni marufuku, maana kipande cha nje kimekwisha kuchafuka. Kwa hiyo kagua sasa.

Mwenzako aweke probu ya moyo chini ya kidari. Sukuma kwa haraka mililita 10 za maji ya chumvi yaliyotikiswa na hewa kidogo sana. Viputo vikionekana chumba cha kulia cha moyo ndani ya sekunde 2, uko kwenye vena na ncha iko karibu. Vikichelewa, tazama chini ya mtulinga na shingo ya upande wa pili. Huenda katheta imepotea njia. Palepale angalia kama pafu linateleza pande zote mbili.

Kama kifaa cha ECG ya ndani, kinachosoma umeme wa moyo kupitia katheta, kipo, tazama wimbi la P: linarefuka kadiri unavyoukaribia moyo, na likianza kushuka chini kwanza, umepitiliza. Kwa mwenye fibrilesheni ya atiria (mapigo yasiyo na mpangilio) njia hii haifanyi kazi.

Eksirei bado piga. Werner Forssmann alipojiingizia katheta kupitia mkononi mwaka 1929 kule Ujerumani, hata yeye alitembea hadi chumba cha eksirei kuona imefika wapi. Kwenye picha, ncha iwe usawa wa panda ya trakea, pale bomba la hewa linapogawanyika, au juu yake kidogo. Mgonjwa anayehitaji noradrenalini sasa hivi asisubiri picha, ilimradi umethibitisha uko kwenye vena.

Hatua ya 6: Funga na uandike

Ukiwa umeishia 14, mabawa yatabaki mbali na ngozi. Tumia kile kibano cha plastiki kilichomo kwenye pakiti, kikae pale katheta inapotoka kwenye ngozi, ukishone, na mabawa nayo uyashone. Kibano kilicholegea ni sawa na hakuna.

Kwenye faili andika: jugula ya kulia, sentimita 14 kwenye ngozi, tarehe, saa. Zamu ya usiku wasome namba hiyo kila wanapomgeuza mgonjwa, na wanapomhamisha kwenda CT. Ikisomeka 11, dawa ya presha ihamishiwe mshipa mwingine, nawe uitwe.