TB haikai kwenye J

Wenzangu mnaojaza misimbo ya magonjwa ya ICD-10 (toleo la WHO) kwenye fomu za bima: si kila ugonjwa wa kifua uko sura ya J, ile ya magonjwa ya mfumo wa upumuaji. TB ya mapafu ni A15 ikiwa maabara imethibitisha, A16 ikiwa haijathibitisha.

Na hiyo J18.9, jamani, tunaipenda mno! Ni nimonia isiyotajwa kisababishi. Kabla ya kuiandika, fungua majibu ya maabara kwenye faili. Akionekana bakteria Streptococcus pneumoniae, msimbo ni J13. Daktari akiandika “kikohozi” tu, weka R05, usimbunie bronkaitisi. Kama humwelewi, mpigie, yuko hapo hapo OPD (idara ya wagonjwa wa nje). Pumu ni J45, ila shambulio kali la ghafla lina J46 yake.