Namna ya Kupika Bisi Zisizo na Chumvi

Watu wengi huamini kwamba bisi zisizo na chumvi hazina ladha, ilhali kosa mara nyingi huwa katika upishi wenyewe. Chumvi huficha mengi: mafuta yaliyochacha, punje zilizokaa muda mrefu, na bisi zilizolowa mvuke zikawa kama sponji mdomoni. Ukiiondoa, kasoro zote hizo hujitokeza, na kwa hiyo kazi kubwa ya mpishi ni kuhakikisha kwamba bisi zake zinatoka kavu na kuvunjika kwa mlio.

Tumia mahindi maalumu ya bisi, kwa kuwa mahindi ya kawaida hayapasuki vizuri. Punje ya bisi ina ganda gumu linalozuia mvuke, na ndani yake mna maji yapatayo asilimia 14. Joto linapofika nyuzi 180 hivi za Selsiasi, mvuke wa maji hayo huwa umejisonga na wanga umelainika, hata ganda likashindwa kuhimili na punje ikapasuka na kufura. Punje zilizokauka kupita kiasi hubaki ngumu chini ya sufuria. Usizitupe: zitie katika chupa yenye kifuniko, ongeza kijiko cha chai cha maji kwa kila kikombe cha punje, kisha uiache kwa siku tatu au nne huku ukiitikisa mara kwa mara.

Kwa robo kikombe cha punje, chukua sufuria nzito ya lita 3 au zaidi na kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya kupikia. Weka mafuta na punje tatu tu, funika, kisha injika kwenye moto wa wastani. Punje hizo tatu zikishapasuka, epua sufuria, mimina zilizosalia na uhesabu hadi thelathini kabla ya kuirudisha motoni. Kwa njia hiyo punje zote hupata moto kwa pamoja na kupasuka karibu wakati mmoja. Mfuniko usiufunge kabisa. Acha upenyo mdogo, ukiuelekeza mbali na uso wako, ili mvuke utoke, kwani mvuke unaobaki ndani ndio unaozilegeza bisi.

Tikisa sufuria huku na huku mpaka milio ipungue na kuachana kwa sekunde mbili au tatu, kisha epua na umimine mara moja katika bakuli pana. Mimi huona afadhali punje kumi zibaki bila kupasuka kuliko bisi chache kuungua, maana uchungu wa kuungua huenea bakuli zima na hapa hakuna chumvi ya kuusitiri.

Viungo vinyunyizwe bisi zikiwa bado moto, kwa kuwa ndipo vinaposhika. Bizari nyembamba iliyokaangwa kavu na kusagwa hufaa sana, na pilipili manga vilevile. Ukitaka limau, kwaruza ganda lake badala ya kukamua maji, ambayo hulowesha bisi papo hapo. Soma pia lebo za viungo vilivyochanganywa tayari na za siagi, kwani vingi huwa vimetiwa chumvi, na mtu hujikuta amerudisha kile alichokiepuka. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atumie chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku.

Bisi ni nafaka nzima, na gramu 100 za bisi zilizopikwa bila mafuta huwa na takriban gramu 15 za nyuzinyuzi. Hata hivyo, watoto walio chini ya miaka minne wasipewe, kwa sababu zinaweza kuwakaba.

Zinazobaki zihifadhiwe katika kopo lenye mfuniko unaobana, lakini baada ya kupoa kabisa. Zikilegea, zitandaze katika trei na uziweke ndani ya oveni yenye joto la nyuzi 120 kwa dakika tano hivi.