SOMO: Kupeleka na kuchukua mabehewa kwenye saidingi za viwanda

Swali ni lile lile kila wiki: nikifika kiwandani behewa naliingizaje kwenye saidingi (njia ya pembeni ya reli inayoingia kiwandani), na treni inayobaki naiachaje? Naliandika hapa mara moja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza huku. Mfano wangu ni reli ya mita (milimita 1,000), injini moja, mabehewa yasiyozidi kumi, breki za upepo zenye baa 5 (baa ni kipimo cha presha) kwenye bomba kuu, yaani bomba la hewa linalopita treni nzima. Kitabu cha kanuni cha shirika lako kikisema tofauti, fuata kitabu.

1. Soma orodha: namba ya behewa, tupu au shehena, la kiwanda gani. Linganisha na namba iliyoandikwa ubavuni.

2. Dereva, gadi (msimamizi wa treni) na shanta (anayeunga na kutenganisha mabehewa) wakubaliane nani anatoa ishara. Mtu mmoja tu.

3. Panga treni kabla ya kutoka stesheni. Pointi ya saidingi (mahali njia inapogawanyika, penye ulimi wa reli unaohama) ikiwa imekupa mgongo (unaipita kwanza, halafu unarudi kinyumenyume kuingia), mabehewa ya kiwanda hicho yakae nyuma ya injini moja kwa moja. Unaiacha treni kabla ya pointi, unasonga mbele na yale yako, unarudisha ndani. Pointi ikikutazama uso, injini itaingia kwanza na kukwama ndani, mabehewa yakiwa nyuma yake. Usihangaike. Pita nayo hadi mwisho wa tawi, zungusha injini kwenye lupu (njia ya pili ya sambamba, iliyoungwa na ya kwanza pande zote mbili), uyahudumie wakati wa kurudi: saidingi iliyokutazama uso ukienda itakupa mgongo ukirudi. Kabla ya kuzungusha, hesabu lupu inashika mabehewa mangapi kati ya alama za mpaka (zinaonyesha mwisho wa nafasi ya kusimama bila kuziba njia ya pili). Likizidi moja, injini haipiti.

4. Kuacha treni njiani. Hapa ndipo watu wanapoharibu, na wanaharibu kwa namna ile ile: wanaamini upepo. Behewa ulilokata likasimama kwa breki ya upepo linashikiliwa na hewa iliyomo kwenye silinda yake. Hewa hiyo inavuja taratibu kwenye pistoni. Baada ya muda viatu vya breki vinaachia magurudumu, na hakuna king'ora kitakachokuonya.

Mpangilio ni huu. Dereva ashushe presha ya bomba kuu kutoka baa 5 hadi 3.5. Subiri hewa iishe kutoka kabisa. Funga breki za mkono, ukianzia upande wa chini wa mteremko. Inama utazame: viatu vimegusa magurudumu? Mnyororo ukilegea, gurudumu la breki linazunguka vizuri mkononi huku kule chini hakuna kilichosogea. Kisha zijaribu: dereva aachie breki za upepo na za injini, asukume kidogo, halafu avute kidogo. Treni ikitembea, ongeza breki. Ikituama, dereva afunge upepo tena, ndipo utenganishe.

Kwenye koki (vali za kufungia bomba kuu kwenye ncha za kila behewa), funga ya upande wa injini. Ya upande wa mabehewa yanayobaki ACHA WAZI.

Usifunge zote mbili. Dereva anaposhusha presha, hewa ya karibu na injini hutoka kwanza na ile ya mkiani bado iko juu. Ukifunga koki wakati huo, hewa ya mkiani inakimbilia mbele, presha ya mabehewa ya mbele inapanda, na vali zao zinaelewa kwamba dereva ameamuru kuachia. Breki zinaachia zenyewe nawe umeshageuza mgongo.

Usijaribu breki za mkono huku za injini zimefungwa. Lac-Mégantic, Kanada, Julai 6, 2013: treni ya matangi 72 ya mafuta iliachwa kwenye mteremko kwa breki 7 za mkono, na jaribio lilifanywa breki za injini zikisaidia. Injini ikazimwa usiku, upepo ukavuja, treni ikateremka mjini. Walikufa watu 47. Nasi tunaijua Igandu, Dodoma, Juni 24, 2002: treni ya abiria ilirudi nyuma kwenye mlima ikagonga ya mizigo, wakafa zaidi ya 280. Uzito ukishaanza kuteremka hakuna anayekimbia akaushika.

5. Pointi: ulimi umebana kabisa, hakuna jiwe, kufuli limefungwa.

6. Tembea saidingi yote kabla ya kusukuma. Kwenye viwanda vya saruji tazama vivuko vya malori: unga unaingia kwenye mfereji wa ukingo wa gurudumu, mvua inanyesha, unaganda kama sakafu. Gurudumu linapanda juu yake na kushuka nje ya reli. Chokonoa kwa mtaimbo hadi uone chuma.

7. Ndani ya geti: hakuna mtu ndani ya behewa, mbao za kupakilia zimetolewa, mipira ya kupakulia imechomolewa, milango imefungwa.

8. Unaposukuma, taja umbali kwa mabehewa: tano, tatu, moja, nusu. Dereva akisikia "tano" kisha kimya, asimame kabla ya mawili na nusu kwisha.

9. Unga mabehewa unayochukua, vuta kidogo kuhakikisha kapla (viungio vya mabehewa) zimeshika, unga hosi (mipira ya upepo), fungua koki polepole. Ukiifungua ghafla utapata breki ya dharura.

10. Fungua breki za mkono ZOTE kwenye mabehewa unayochukua. Moja ikisahaulika, gurudumu linaburuzwa na kutoka bapa.

11. Weka matupu, funga breki za mkono, weka kabari.

12. Rudi kwenye treni, unga, jaza upepo hadi baa 5, fungua breki za mkono. Dereva ashushe presha; behewa la mwisho lifunge. Aachie; liachie. Usiondoke bila kuliona kwa macho.

MASWALI

Kijana wa Pugu: Mkuu, kama naacha nusu saa tu, upepo si unatosha?

Jibu: Hapana. Rudia hatua ya 4.

Kijana wa Pugu: Lakini sehemu yenyewe ni tambarare.

Jibu: Umepima kwa nini? Jicho halioni mteremko ambao behewa la tani 50 linauona. Funga breki.

Dada Saidingi: Shikamoo mwalimu. Koki ya mabehewa yanayobaki ikiachwa wazi, upepo wote si utatoka? Breki inabakije imefunga?

Jibu: Marahaba dada, swali zuri sana. Hewa inayotoka ni ya bomba kuu. Kila behewa lina tangi lake la akiba. Bomba likiisha presha, vali inafungua njia kutoka tangini kwenda silinda, breki inafunga kwa nguvu zake zote. Kwa hiyo bomba tupu maana yake breki imefunga. Kinachoisha baadaye ni hewa ya tangi na silinda, ndiyo sababu ya breki ya mkono.

Mbeba Bendera: Breki ngapi za mkono kwa mabehewa nane?

Jibu: Kanuni za shirika lako zina kiwango cha chini. Juu ya hicho, jaribio ndilo linaloamua. Yenye shehena yafungwe kwanza.

Wa Kilosa: Samahani natoka nje kidogo. Behewa letu likifika Kidatu, ambako reli yetu inakutana na TAZARA (reli ya Tanzania na Zambia), haliwezi kuendelea nayo?

Jibu: Haliwezi. TAZARA ni milimita 1,067, sisi 1,000. Milimita 67 zinatosha kuliangusha. Mzigo unahamishwa behewa kwa behewa.

Dada Saidingi: Na hosi ikivuja kwenye maungio, niifunge kwa mpira wa baiskeli?

Jibu: Usifunge chochote juu. Mara nyingi ni ringi ya mpira ndani ya kichwa cha hosi: imekauka, imepasuka au imeingia mchanga. Tenganisha, futa kwa kitambaa, pachika mpya. Tembea na ringi nne mfukoni.

Mbeba Bendera: Nami naongeza, beba chaki. Kila behewa ulilofunga breki ya mkono, chora alama ubavuni, ukiifungua, futa.

Jibu: Ahsante. Chora pande zote mbili, maana atakayefungua anaweza kupita upande wa pili.