Jinsi ya kutochanganya stationery na stationary

Mdogo wangu alifungua kiduka cha madaftari na fotokopi huko Bwaise, Kampala, akamlipa mchora mabango, bango likaja na herufi nyekundu kubwaaa: STATIONARY. Mwalimu mmoja akapita akacheka, eti "we kijana, umefungua leo na leo leo unatangaza biashara imesimama?" Na kweli ndo ilivyoandikwa hivyo.

Yenye a, stationary, kwa Kiingereza ni kitu kilichosimama, hakisogei, kama taksi kwenye jamu ya jioni pale Clock Tower. Yenye e, stationery, ni vitu vya kuandikia, peni, bahasha, zile rimu za karatasi shule zinadai kila muhula ukianza. Matamshi ni yale yale kwahiyo usitegemee sikio.

Sasa ukitaka kuandika, jiulize kwanza unaongelea nini. Kama ni kusimama, angalia neno SIMAMA lenyewe, lina a mbili, basi weka a. Kama ni PENI, ina e, weka e. Ila usije ukatumia neno karatasi kukumbuka, limejaa a tupu, mi lilinipoteza mpaka P.6, yani darasa la sita, banange! Ukiwa bado na wasiwasi kumbuka baker anazaa bakery, na stationer anazaa stationery.

Huyo stationer ni nani? Hapa ndo patamu. Maneno yote mawili mzizi wake ni stare ya Kilatini, maana yake kusimama. Zamani huko Ulaya wauzaji wengi walikuwa wachuuzi wa kuzunguka, lakini muuza vitabu, hasa karibu na vyuo vikuu, alikuwa na kibanda chake mahali pamoja, hahami, wakamwita stationarius, Waingereza wakafanya stationer. London walikuwa na chama chao tangu 1403, mwaka 1557 kikapata hati ya kifalme. Bidhaa zao ndo zikaja kuitwa stationery. Yani jamaa wa Nasser Road, ule mtaa wa wachapaji hapa Kampala, na mashine zao za kuchapa, hao ni ma-stationer kabisa. Stesheni ya treni nayo ni ukoo huo huo, hata steji ya boda.

Bango hatukulitupa, rangi ni ghali. Tulichora E juu ya ile A, ila ukisogea karibu bado unaona miguu ya A imechungulia chini.